Mimea Miwili Nyuma ya Nyanya

Mwenye nyumba wetu alivunjika nyonga mwanzoni mwa Julai, kwenye ngazi tatu zinazoshuka kutoka jikoni kwake hadi bustanini. Mimi ndiye niliyemsikia. Nilikuwa nimetoka kazini, zamu ya asubuhi, nikawa nafungua mlango wa barabarani, nikasikia mtu anagonga bati polepole, kama mtu aliyekwisha kuchoka. Nilimkuta amelala ubavu kwenye nyasi kavu, akigonga debe la kumwagilia kwa pete yake.

Ni mjane wa miaka sabini na tisa. Zamani alikuwa mwalimu wa jiografia. Anaishi chini, sisi tunaishi juu yake, katika nyumba nyembamba ya matofali dakika tano kutoka uwanja wa Flagey. Nimepanga kwake miaka sita na hatujawahi kuitana kwa majina. Ananiita Madame, nami namwita Madame, na tumeelewana hivyo.

Tulipokuwa tunangoja gari la wagonjwa nilimwekea mto chini ya kichwa, nikamfunika. Hakulalamika juu ya nyonga. Alinishika mkono akasema, "Maji. Zile nyanya, na ile mimea miwili ya mwisho, ukutani. Mara mbili kwa wiki, maji mengi. Usiisahau ile miwili."

Nilimwahidi. Mtu aliyelala chini hivyo unamwahidi kwanza, maswali baadaye.

Kazi ya kumwagilia aliichukua mama yangu. Alikuwa amehamia kwangu wiki tatu kabla, akitoka kwa kaka yangu huko Liège, ambako wajukuu walikuwa wamekua na vyumba vimekuwa vidogo. Mama ana miaka sabini na minne. Maisha yake yote Lubumbashi alilima mboga kiangazi, na tangu afike Ulaya hakuwahi kupata hata kipande cha ardhi cha kukanyaga kama chake. Nilipomwambia kuna bustani ya kumwagilia, alivua viatu palepale na kushuka.

Mambo mengine mawili yalikuwa yakitungoja kiangazi kile. La kwanza lilikuwa la mama. Tulikuwa tumepeleka anwani yake mpya kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa hiyo polisi wa mtaa alitakiwa kuja kuhakikisha kwamba kweli analala kwangu. Hapa ndivyo ilivyo: ukihama, polisi anakuja siku yoyote, hatoi taarifa, anaangalia kitanda, anaangalia mswaki, ndipo unaandikwa. La pili lilikuwa langu. Baada ya miaka kumi na mitatu katika nchi hii nilikuwa nimeomba uraia, na faili langu lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Kilichobaki ni yeye kusema kama ana pingamizi au hana. Nilikuwa nikivuka barabara kwa taa ya kijani tu, hata pasipokuwa na gari.

Mvua haikunyesha. Julai yote anga ilikuwa nyeupe kama sahani, majani ya miti ya barabarani yakaanza kuanguka kana kwamba ni Oktoba. Mimi sikushuka bustanini karibu wiki tatu. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee, na katika joto lile tulikuwa tukizunguka kutwa tukiwanywesha wazee maji kikombe kwa kikombe. Nikirudi nyumbani nilikuwa nataka kukaa tu.

Siku niliposhuka ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mama alitaka nimshikie mpira wa maji. Nilipita katikati ya nyanya, nikainama karibu na ukuta kuunasua mpira uliokuwa umekwama, na uso wangu ukaingia ndani ya majani. Harufu ile niliijua. Ni harufu ninayoipita kila jioni kwenye mabenchi ya Flagey. Nikarudi nyuma nikaitazama mimea ile vizuri: miwili, mirefu kuliko mimi, majani yake kama vidole vilivyotanuliwa.

"Maman," nikasema, "unajua hii ni nini?"

"Njo bangi," mama akasema. Alikuwa anachuma nyanya na hakugeuka.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Miye nilizaliwa wapi? Kwetu batu walikuwa wanailima nyuma ya muhogo."

"Na hukuniambia?"

"Haukuniuliza. Na Madame aliomba maji. Bon, nilimupatia maji."

Nilimnyang'anya mpira nikaufunga. Nilimkumbusha polisi wa mtaa anayeweza kuja hata kesho. Nilimkumbusha faili langu. Nilimwambia kwamba mtu akitukuta sisi wawili, Wakongo wawili, mikono imelowa, tumesimama kando ya bangi, hakuna atakayeuliza ni ya nani. Nilisema maneno mengi na kwa haraka. Kisha nikaingia kwenye kibanda cha bustani nikatoka na jembe.

Mama alikuja akasimama kati yangu na ukuta. Hakupandisha sauti. "Utaing'oa mali ya mutu mwenye alalaka hospitali?"

"Si mali. Ni kosa."

"Alors mungojee arudi, umuambie mbele ya macho yake ni kosa. Kisha yeye mwenyewe ataing'oa."

Sikuing'oa. Lakini nilimkataza asiimwagilie tena. Nilisema nyanya peke yake. Niliona ni hila nzuri: sitakuwa nimeharibu kitu cha mtu, jua ndilo litakaloharibu. Mama alinitazama, akasema nyumba ni yangu, akapanda juu polepole akishika ukuta.

Kwa siku tisa hakuigusa ile mimea. Nikitoka kazini nilikuwa nachungulia dirishani kabla ya kuvua viatu. Siku ya nne majani ya chini yakainama. Siku ya sita mmea wa kushoto, ule uliokuwa karibu zaidi na ukuta uliokuwa ukichemka jua mchana kutwa, ukaanza kujikunja kama karatasi. Nilikuwa nikingoja kusikia nafuu na sikuisikia. Nilisikia kitu kama kile ninachosikia kazini kengele ya mzee inapolia na mimi nina wengine watatu wa kuhudumia.

Mama aliendelea kumwagilia nyanya. Akimaliza alikuwa anakaa kwenye benchi, ameipa mgongo ile miwili.

Siku ya tisa nilikwenda hospitali kumtembelea Madame. Nilimpelekea nyanya zake katika bakuli. Alikuwa amekonda, nywele zake hazijachanwa, lakini alifurahi. Tulizungumza habari ya nyonga, habari ya chakula kisicho na chumvi. Kisha muuguzi akaja kumsogeza mto, na shuka likamgusa ubavuni, upande wa kulia. Alifumba macho, akauma midomo mpaka ikawa myeupe.

Muuguzi alipoondoka nikamuuliza, "Ni nyonga?"

"Hapana. Ni mkanda wa jeshi," alisema. Yaani ule ugonjwa wa malengelenge unaozunguka mbavu. "Nilipona miaka minne iliyopita, ngozi ikapona, neva hazikupona. Shuka likinigusa ni kama pasi. Vidonge vyao vinanifanya nisahau majina ya mito. Mimi, nisahau majina ya mito. Kwa hiyo natengeneza mafuta yangu mwenyewe, matone machache kabla ya kulala. Umekwisha kuujua ule mmea, nadhani. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa," nikasema.

"Mmea unaendeleaje?"

Nikamwambia unaendelea vizuri. Nilimdanganya mtu mgonjwa akiwa ameshika bakuli la nyanya zake. Kazini kwangu nimewaona wengi wenye maumivu ya namna hiyo. Unawavisha shati na wanalia kwa sababu ya pamba. Wote nimewahi kuwaonea huruma, na huyu mmoja aliye chini ya sakafu yangu nilikuwa nimemkaushia dawa yake.

Nilitembea kwa miguu barabara ya Chaussée d'Ixelles yote, sikungoja basi. Nilipofika sikupanda juu. Nilijaza debe, nikaenda ukutani, nikamwaga maji yote kwenye shina la kwanza.

Maji hayakuingia. Ardhi ilikuwa imekuwa kama sufuria iliyofunikwa. Yalitiririka juu yake, yakachukua vumbi na majani makavu, yakakimbilia ukutani na kupotelea kwenye ufa wa sementi. Nikajaza tena, nikamwaga tena, yakakimbia tena. Nilipokuwa najaza la tatu nikasikia nyayo za mama kwenye ngazi.

Alilichukua lile debe mkononi mwangu akaliweka chini.

"Udongo ulisahau maji," akasema. "Ukimupa mingi mara moja, unakataa. Lete uma. Na lete ile birika ya kahawa."

Birika lilikuwa letu la zamani, la bati, lenye mdomo mwembamba. Mama alipiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, akanionyesha. Kwanza alinyunyiza maji kidogo kwa mkono, kiasi cha kulowesha vumbi tu, kama mtu anayenyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Tukangoja. Kisha akatoboatoboa udongo kwa uma wa jikoni, kwa uangalifu, mbali na shina ili asikate mizizi ya juu. Akakusanya udongo pembeni, akafanya ukingo wa duara, ikawa kama sahani kubwa yenye mmea katikati. Ndipo akaanza kumimina kwa birika, uzi wa maji, akizunguka polepole. Maji yalikaa juu, yakasita, kisha yakaanza kushuka. Kulikuwa na sauti ndogo, kama ya mtu anayenyonya meno.

"Sasa acha ipumuzike," mama akasema. "Tutarudia kisha kupika."

Tulirudia mara tatu kabla ya giza. Mwishoni mama alitandaza nyasi kavu na vipande vya maboksi juu ya udongo uliolowa, ili jua la kesho lisiyanyang'anye maji. Mikono yangu ilikuwa nyeusi hadi kwenye viwiko. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Miye haukunikosea. Lala, kesho saa kumi na mbili asubuhi tunashuka."

Kwa wiki nzima tulishuka kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Mama alikataa maji ya mchana kabisa, alisema ni kulisha jua. Mmea wa kulia uliinua kichwa siku ya tatu. Ulianzia juu, majani madogo kwanza, kisha mengine yakafuata. Wa kushoto haukuinuka. Siku ya saba mama alikwaruza shina lake kwa ukucha, akaniita nione: ndani lilikuwa la kahawia, kavu. Akauvuta mara moja tu ukatoka wote, mizizi na yote, mwepesi kama ufagio. Tuliukatakata tukauchanganya kwenye boksi la taka za bustani.

Polisi wa mtaa alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimevaa sare ya kazi, natafuta funguo. Kengele ikalia, nikafungua, nikaliona shati la buluu.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye mkoba mdogo wa kubebea karatasi. Alijitambulisha kwa adabu. Alisema amekuja kwa ajili ya mama yangu, je, yuko?

Nilifikiri kusema hayuko. Ningeweza kusema amekwenda Liège kwa kaka. Lakini mama asiyekuwepo ni mama asiyelala kwangu, na angeandika hivyo. Nikasema yuko. Nikampandisha juu, nikamwonyesha kitanda chake, kanga zake, Biblia yake, dawa zake za presha. Aliangalia yote haraka haraka, akaandika.

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Bustanini," nikasema. "Nitamwita aje."

"Usimsumbue, ni mzee. Tutashuka."

Tulipita ukumbini kwa Madame. Nilikuwa mbele yake, nikitembea polepole kama mtu anayesindikiza jeneza, na nilikuwa nikiomba kimoyomoyo mama awe kwenye nyanya. Hakuwa kwenye nyanya. Alikuwa amechuchumaa chini ya ule mmea, birika mkononi, anamimina uzi wake wa maji, na mmea ulikuwa umemzidi urefu kwa mbali.

"Bonjour, papa," mama akamwambia yule polisi, aliyekuwa mdogo kuliko mimi kwa miaka michache tu. Hakuacha kumimina.

"Bonjour, Madame," akajibu. Alimtazama mama. Kisha akautazama mmea, kuanzia chini mpaka juu. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nilisikia tramu inapiga kona huko chini, nikasikia mpaka ilipotulia.

"Ni wa Madame wa chini?" aliniuliza.

"Ndiyo. Yuko hospitali. Alituomba tumsaidie kumwagilia. Mimi nina faili la uraia, Monsieur. Mama hajui mambo ya hapa. Kama kuna kosa ni langu."

"Ni huu mmoja tu?"

Nikatazama mahali palipokuwa na shimo dogo lililofukiwa, lenye nyasi kavu juu yake. "Ni huu mmoja tu," nikasema. Ilikuwa kweli.

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nimemjua miaka mingi. Alimfundisha dada yangu. Mwaka jana aliniambia mwenyewe, pale mlangoni, kwamba anao mmoja kwa ajili ya mbavu zake. Sikiliza, sheria haijauruhusu, na mimi siwezi kukuambia umeruhusiwa. Lakini mmea mmoja, wa mtu mzima, kwa matumizi yake mwenyewe, si jambo tunaloamkia asubuhi. Usiuzwe, usitoke nje ya ukuta huu, watoto wasiuguse. Basi."

"Na faili langu?"

"Faili lako haliko kwangu. Na ningeandika nini? Kwamba unamwagilia mimea ya jirani aliyevunjika nyonga?" Alifunga mkoba wake. "Kilichobaki ni kitu kimoja. Jina la mama yako haliko kwenye kengele, wala kwenye sanduku la barua. Liweke leo. Bila hilo siwezi kumaliza."

Mama aliinuka akishikilia ukuta, akampa nyanya mbili. Yeye akasema haruhusiwi kupokea zawadi. Mama akauliza kwa Kiswahili amesema nini, nikamtafsiria. "Mwambie nyanya haiko zawadi, njo chakula," akasema. Polisi alicheka, akachukua moja, akaila hapo hapo akiwa ameinamia mbele ili isimchafue shati.

Alipoondoka nilikaa kwenye zile ngazi tatu. Nilitaka kulia, nikaona nacheka, kisha vyote viwili vikaja pamoja. Mama alikaa kando yangu akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake, chenye udongo, akanipaka tope shavuni. Niliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, nikalibandika kwa gundi kwenye kengele, herufi kubwa. Kisha nikapanda basi kwenda kazini, nikalala usingizi mzito nikiwa nimeshikilia kamba ya mkoba, nikapitiliza vituo vinne. Ilinibidi kurudi kwa miguu, na nilirudi kama mtu anayekwenda harusini. Msimamizi aliniuliza kwa nini nimechelewa na kwa nini nina tope usoni. Nikamwambia mama yangu ameandikwa.

Madame alirudi katikati ya Septemba, anatembea kwa fremu. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimngoja anywe chai yake, kisha nikamwambia yote: jembe, siku tisa, uongo wangu hospitalini, mmea uliokufa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ningeng'oa mmoja hata hivyo," alisema. "Wanavumilia mmoja tu, nilipanda miwili kwa hofu kwamba wa kwanza ungekuwa dume, usio na dawa. Nilikuwa nashindwa kuchagua." Akaweka kikombe. "Ila ule wa kushoto ndio uliokuwa mzuri zaidi. Nakuambia ukweli, kwa sababu na wewe umeniambia ukweli."

Nilikubali. Nilistahili hilo, na lilinipa nafuu kuliko kama angesema si kitu.

Aliukata mwenyewe Oktoba, amekaa kwenye kiti, mama akimshikia matawi. Hawana lugha moja hawa wawili. Madame ana Kifaransa chake cha darasani, mama ana maneno kama thelathini, na saa nzima niliwasikia wanazungumza. Waliyaning'iniza matawi kwenye kabati la nguo za marehemu mume wake. Barua yangu kutoka komini ilifika juma lile lile: hakuna pingamizi. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, kisha nikamsomea mama, kisha Madame akataka aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, akarekebisha matamshi yangu.

Jumamosi moja, wiki tatu baadaye, wamaman wa kanisa walikuja kwetu kushukuru pamoja nasi. Walikuwa saba, wamevaa vizuri, wamebeba vyungu. Harufu kutoka kwenye kabati la Madame ilikuwa imejaa ukumbi mzima hadi juu kwetu. Mmoja wao, aliye mkubwa wa kikundi, alisimama mlangoni akanusa, akanusa tena, akanigeukia.

"Ni dawa ya jirani wa chini," mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Anaumwa mbavu. Analala vizuri sasa, wiki ya pili."

Yule maman alifikiri kidogo. Kisha akauliza jirani anaitwa nani, ili wamtaje katika sala. Nikamwambia tunamwita Madame tu. Wakamwombea hivyo hivyo, na mama akafungua dirisha, tukakaa kula.